Joto la Tabora si Joto la Kigoma

Mimi ni fundi ujenzi. Nimezaliwa na kukulia Tabora mjini, upande wa Ng'ambo, na ufundi nilifundishwa huko huko na baba mdogo. Baadaye kazi ikanivuta Kigoma, nikaoa, nikakaa. Kwa hiyo joto ninaloliandika hapa ni la mtu anayeshinda juu ya ukuta mchana kutwa, halafu usiku analala chini ya bati kama watu wengine.

Nilihamia Kigoma na mbinu zote za nyumbani za kupambana na joto. Karibu nusu yake hazikufaa kitu. Ndiyo sababu nikisikia mtu anatoa ushauri wa joto bila kwanza kuuliza uko wapi na ni mwezi gani, huwa simsikilizi sana.

Wageni wengi hudhani miezi ya joto huku magharibi ni Desemba na Januari, kwa kuwa wamezoea pwani. Huku miezi hiyo ni ya mvua, mawingu yamefunga, jua halipati nafasi. Mwezi wetu mgumu ni wa kumi. Sababu unaweza kuiona kwa macho: Tabora na Kigoma zote ziko kama nyuzi tano kusini mwa ikweta, na wiki ya kwanza ya Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa. Simamisha nondo wima uone, kivuli chake kinaishia pale pale chini yake. Jua hurudi tena utosini mwanzoni mwa Machi, lakini Machi ardhi imelowa, majani yamejaa na mawingu hayaishi. Oktoba huna hata kimoja cha kukukinga. Nyasi zimechomwa moto, ardhi iko tupu, na mvua ya kueleweka ni hadi Novemba. Tabora kipindi hicho nyuzi 32 au 33 mchana ni jambo la kawaida, na zipo siku zinazozidi hapo.

Lakini joto la Tabora ni kavu, na ukavu huo una faida na una hila. Faida ni kwamba kivuli kinafanya kazi. Ukitoka juani ukaingia chini ya mwembe (na Tabora miembe ipo, ile mikubwa ambayo wazee wanasema ilianza na misafara ya kwenda Ujiji) unapumua papo hapo. Usiku nao unapoa, alfajiri unaweza kutafuta shuka. Hila yake ni jasho. Hulioni. Linakauka kabla halijashuka, unajiona uko mzima, kumbe maji yanakutoka saa zote. Ushahidi unaupata jioni ukivua shati: mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani.

Nyumbani mama alikuwa na sheria zake za Oktoba. Ikifika saa nne asubuhi, madirisha yote yanafungwa na mapazia yanashushwa. Sisi watoto tuliona ni ukali tu, joto lote hili halafu mtu anafunga dirisha? Yanafunguliwa jua likishazama, yanakaa wazi usiku kucha. Mtungi wa maji ulikuwa kwenye kona yenye kigiza, umekaa juu ya mchanga uliolowa, na maji yake yalikuwa ya baridi kuliko ya friji kwa ladha yangu. Mchana wa joto kali alikuwa analowesha kanga kuukuu na kuitundika mlangoni, upepo unapopita pale unaingia ndani umepoa. Uwanja unanyunyiziwa maji jioni kabla ya kutandika mkeka.

Baba mdogo ndiye aliyenieleza kwa lugha ya ufundi. Maji yanapokauka huondoka na joto. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo, maji yanapenya taratibu hadi nje, hewa kavu inayanyonya, na yaliyobaki ndani yanapoa. Kanga ni hivyo hivyo, jasho nalo ni hivyo hivyo. Na kuta za zamani zilijengwa na watu waliolijua hilo joto. Tembe, zile nyumba za jadi za huku, zilikuwa na kuta nene za udongo na paa la udongo juu yake. Jua linapiga ukuta asubuhi, lakini joto linachukua saa nyingi kufika upande wa ndani, na likifika jua limeshazama, unafungua dirisha linatoka. Ukienda Kwihara, karibu na Tabora mjini, kwenye Tembe la Livingstone, yule mpelelezi wa Kizungu, aliloishi mwaka 1872, ingia ndani saa nane mchana halafu utoke nje. Hutahitaji maelezo mengine.

Basi mimi nikapanda treni na elimu hiyo. Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kilometa kama 400, na muda wote unateremka: Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kwenye 770 na kitu. Nilifika mvua za kwanza zimeshaanza. Kipimajoto kingesema Kigoma ni afadhali, nyuzi 29 au 30. Mwili ulisema vingine. Jasho lilikuwa halikauki. Unaoga, unajifuta, kabla hujavaa shati umeshalowa upya. Hewa imeshajaa maji ya ziwa na ya mvua, haina pa kuweka mengine, kwa hiyo jasho linabaki juu ya ngozi na joto linabaki ndani yako.

Nikanunua mtungi sokoni Mwanga. Ulilowa nje vizuri tu, lakini maji yakabaki vuguvugu. Nikatundika kanga mbichi, chumba kikawa kizito zaidi. Nikafunga madirisha mchana kama alivyotufundisha mama, mke wangu akarudi kutoka kwao Ujiji, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Baba nanihii, unataka kutupika?" Akafungua yote, na mlango wa nyuma akauegesha jiwe.

Yeye ni mtoto wa ziwa. Kwao hawafukuzi joto kwa kulifungia nje, wanalipitisha. Upepo uingie huku utokee kule, hiyo ndiyo kanuni yao moja kubwa. Nyumba za kwao watu hawakai vyumbani mchana, wanakaa barazani au uani, na vyumba vinaachwa wazi vipumue. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka kutoka milimani kwenda ziwani, na wavuvi wanaujua kuliko mtu yeyote. Ukuta mnene kama wa tembe ungekuwa mateso Kigoma wakati wa mvua, kwa sababu usiku haupoi kiasi cha kutosha kuuondolea joto lake. Unalala na ukuta wa jana.

Na hapo ndipo nilipotambua kwamba hata Kigoma yenyewe inabadilika. Julai na Agosti kuko kukavu, mtungi unafanya kazi. Oktoba mwanzoni bado unaweza kufunga madirisha ya upande wa jua ukapata nafuu. Mvua zikishaingia, fungua kila kitu. Kipimo changu ni nguo iliyofuliwa: zikikauka haraka, tumia mbinu za Tabora, zikishinda kambani zimelowa, tumia za Ujiji.

Kuna jambo la saa pia. Tulipata kazi kwa msimamizi mmoja aliyetoka Dar es Salaam, mtu mzuri na anayejali vijana, akatuwekea mapumziko ya jua kali kuanzia saa sita hadi saa nane. Ratiba nzuri, kwa Dar. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Kutoka Dar hadi Kigoma ni karibu nyuzi kumi kuelekea magharibi, na kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua la Kigoma linachelewa kama dakika 40. Huku utosi ni kuelekea saa saba, na miezi mingine saa saba na ushee. Joto lenyewe hufika kileleni baada ya hapo, ardhi na kuta zikishajaa. Kwa ratiba ile tulikuwa tunapumzika wakati wa nafuu na kurudi juu ya kenchi (mbao zinazobeba paa) saa nane, ambapo bati halishikiki. Anayepaua anapigwa na jua mara mbili, la juu na lile linalorudishwa na bati usoni, na nondo ukiishika bila glavu inakuacha na alama. Tukaongea naye, akaelewa. Tukaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukapumzika saa saba hadi saa tisa na nusu, na kwa kuwa huku jua linazama karibu saa moja jioni, tukawa na muda wa kutosha wa kumalizia.

Wa kuiga katika hili ni akina mama wa dagaa pale Kibirizi, ufukweni Kigoma. Wao jua ndiyo mtaji wao, hawawezi kulikimbia. Boti zinaingia alfajiri, dagaa wanaanikwa mapema, na jua linapofika utosini wao wako chini ya turubai, wanatoka mara moja moja kugeuza. Kanga moja kiunoni, nyingine kichwani imeshuka hadi mabegani. Kuna mama mmoja nilimjengea choo, akaniona nainua dumu la lita tano nakunywa mfululizo. Akaniambia, "Fundi, maji hayanywewi kwa hasira." Yeye alikuwa na ndoo ndogo yenye mfuniko, maji, limau limekamuliwa, na chumvi ya Uvinza kidogo ya kubana kwa vidole viwili. Alikuwa anakunywa kikombe, anafanya kazi, anakunywa tena, hata kama hana kiu. Nimekuja kusikia ushauri huo huo kwenye semina ya usalama kazini: kikombe kila dakika 15 hadi 20 ukiwa kazini juani, badala ya kungoja kiu halafu ujaze tumbo. Anayetoka jasho siku nzima akinywa maji matupu mengi kwa mkupuo, chumvi ya mwilini inapungua, ndipo unaona kijana misuli ya mguu inambana, anasema amerogwa.

Siku za kazi nzito sisi tunachanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufutwa, si vya mlima. Siku za kawaida ugali na dagaa vina chumvi ya kutosha. Mwenye presha asianze kujiongezea chumvi kwa kunisoma mimi, amuulize daktari wake, hasa kama anatumia vidonge vya kukojoa. Na mkojo ndio kipimo cha bure: ukikolea rangi, umechelewa kunywa.

Soda ya baridi sina ugomvi nayo. Pombe mchana wa Oktoba ninao.

Sasa nieleze lililonifanya niwe mkali kwenye haya mambo. Tulikuwa tunafunga lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango) Gungu, hapa Kigoma, tukaletewa saidia fundi mpya, kijana kutoka Manyovu, kule juu milimani mpakani na Burundi, kwenye baridi. Ana nguvu kweli kweli, na alitaka tuone. Siku zake hizo za mwanzo alikuwa anachanganya zege peke yake, hapumziki. Mchana mmoja nikamwona ameweka chepe chini, anauliza ndoo iko wapi na ndoo ameishika. Akajibiwa. Akauliza tena. Macho yamekuwa mekundu, anapepesuka, na nilipomshika mkono ngozi ilikuwa inawaka. Wenzake wakasema malaria imempanda kichwani. Inawezekana, Tabora na Kigoma malaria ipo nyingi, na mtu asiidharau. Lakini malaria au si malaria, mtu anayewaka hivyo na ameanza kuchanganyikiwa hangojewi.

Tukambeba hadi kivulini, tukamvua buti na shati, tukammwagia maji ya kumwagilia zege, pipa lilikuwa pale pale. Kichwani, shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Wawili wakashika kipande cha silingbodi, ubao wa dari, wakampepea kwa nguvu. Mmoja alitaka kumnywesha, nikamzuia, kwa sababu mtu asiyejitambua maji yanaweza kumwingia kwenye mapafu. Bajaji ilipofika tulipanda naye na ndoo, tukaendelea kumlowesha njiani. Hospitalini walipima malaria, hana. Mganga alituambia kwamba joto la mwili likifika nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, kila dakika ya kuchelewa kumpoza inaumiza ubongo, na kwamba kile kilichofanyika pale saiti ndiyo tiba yenyewe, si kumkimbiza akiwa bado anawaka. Kijana alipona. Yuko Kasulu sasa, ni fundi kamili.

Tangu hapo mgeni kwangu hapewi chepe siku nzima. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea: unajifunza kutoa jasho mapema, na chumvi inayotoka nalo inapungua. Wiki ya kwanza anashika kazi nyepesi, anaongezewa kidogo kidogo. Hata mwenyeji aliyeugua au aliyesafiri muda mrefu anaanza upya. Vijana wanalalamika kwamba nawapunguzia posho. Walalamike.

Usiku ni vita nyingine. Kigoma kwenye joto la mvua watu wanatupa chandarua kwa sababu "kinabana hewa", na mbu wanasherehekea. Dawa niliyoipata ni kukitundika juu zaidi na kukipanua, kisigusane na mwili, na kitanda kukisogeza mkabala na dirisha. Feni ikae nje ya chandarua imuelekee mtu. Feni haipoozi chumba, inampooza aliye mbele yake, kwa hiyo kuiacha inazunguka chumba kitupu ni kulipia umeme wa bure. Watoto wakitoka harara shingoni na mgongoni, waogeshe maji ya kawaida, wavae pamba nyepesi au wakae kifua wazi. Kumpaka mtoto mafuta mazito kwenye harara ni kuziba pale pale panapotaka kupumua. Wazee nao waangaliwe, wengi hawasikii kiu, utamkuta bibi ameshinda na kikombe kimoja cha chai.

Kwenye nyumba sasa, maana ndipo ninapokulia mkate. Bati bila dari ni jiko. Dari, iwe jipsamu au silingbodi, inasaidia, lakini hewa iliyofungiwa kati ya bati na dari lazima ipate pa kutokea, kwa hiyo acha tofali za matundu juu kwenye pembe za paa, pande mbili, uweke na wavu wa popo. Ukuta uongeze kozi mbili (mistari miwili ya tofali) kabla ya kupaua, gharama yake ni ndogo kuliko feni za miaka kumi. Madirisha haya ya aluminiamu ya kusukuma ni mazuri kwa picha, lakini yanafunguka nusu tu ya nafasi uliyoilipia. Kwa Kigoma mimi napendekeza yanayofunguka yote kama mlango.

Na elekezo la nyumba. Huku jua linatembea karibu mstari mnyoofu kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini zinapata jua dogo, na ule wa magharibi unaungua alasiri yote. Tabora hili ni rahisi: upande wa magharibi weka stoo, choo, ngazi, basi umemaliza. Kigoma ziwa liko magharibi. Kila mteja anataka sebule itazame ziwa, kioo kikubwa, machweo, Milima ya Kongo kule ng'ambo. Upepo wa alasiri nao unatoka huko huko, kwa hiyo huwezi kuziba. Lakini saa kumi na moja jua limelala, linaingia moja kwa moja hadi kwenye kochi, na bati lililotokeza futi mbili halizuii kitu. Kinachozuia ni baraza pana, na nje yake mti. Mwembe unachelewa kukua, mwarobaini unakua haraka, michikichi inapitisha upepo ila kivuli chake ni chembamba.

Mteja niliye naye sasa ana kiwanja Bangwe, ziwa liko mbele yake lote. Baraza ya mita mbili na nusu ameikubali baada ya kumleta saiti saa kumi na moja jioni na kumkalisha kwenye ndoo pale sebule itakapokuwa. Miche ya mwarobaini ameshanunua. Tunachobishania hadi leo ni bati. Mimi nataka rangi nyeupe au ya maziwa, isiyokula jua. Yeye ameona nyumba moja Dodoma yenye bati jeusi tii, na picha yake hanipumzishi nayo.